Re: Slaidi za baba, ninunue projekta?

Ndugu, pole kwa kufiwa na mzee. Umeuliza kama ununue projekta ili uone slaidi alizoziacha, yaani zile picha ndogo za filamu zilizo kwenye fremu. Kwa maoni yangu, projekta isubiri. Kodak waliacha kutengeneza za slaidi mwaka 2004, kwa hiyo ya kwao utapata ya mtumba tu, na balbu yake ni kali. Kodachrome, kwa mfano, filamu ya slaidi ya Kodak, hudumu miaka mingi gizani lakini hupauka haraka ikimulikwa na projekta.

Badala yake, tafuta ubao wa mwanga wa LED wa kuwekea slaidi, wenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 90 au zaidi; ukinunua wa hovyo, rangi za ngozi zitakudanganya. Ongeza lenzi ya kukuzia mara 4 au 5, inayoonyesha picha nzima ya milimita 24 kwa 36. Ya mara 10 ni ya kukagua kipande kipande. Nilipoinamia za kwetu mara ya kwanza, niliona hadi mshono wa kola ya mama, nikakaa kimya muda mrefu.

Shika fremu pembeni, usiguse filamu. Vumbi lipulize kwa kipampu cha mpira, si kwa mdomo, maana mate huacha madoa.