Re: Stima ilikatika katikati ya apdeti, sasa Windows inasumbua, nifomati?

Kaka wa Malindi, usifomati kwanza. Umesema menyu haifunguki na fundi kakwambia ni virusi, yawezekana, lakini alilinganisha faili zako na nini mpaka akajua?

Mimi natengeneza mashine za watu hapa Lamu, Langoni, na kwa hii hewa yetu ya chumvi naanza na diski. Angalia SMART, yaani ripoti ya afya ya diski inayojiandikia yenyewe, ukiona idadi ya sekta zilizohamishwa (vipande vibovu vilivyobadilishwa na vya akiba) inazidi kupanda toa picha na kazi zako leo leo, kurepea faili juu ya diski inayokufa ni kutwanga maji kinuni.

Diski ikiwa nzima, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, kama admini upige `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ikimaliza ndio `sfc /scannow`, hiyo inayokagua na kurekebisha faili za Windows. Wengi hukimbilia sfc, inawaambia imeshindwa kurekebisha baadhi ya faili, wanakata tamaa. Sasa sfc inachukua nakala safi kwenye stoo ya Windows yenyewe, folda ya WinSxS, na stoo ikiwa mbovu itakupa nini? DISM ndiyo inaitengeneza hiyo stoo, kwa kawaida inavuta faili kutoka Windows Update kwa hivyo tia bando, na asilimia ikiganda usiizime, iache tu hata kama chai itapoa. Halafu sfc inakagua faili za mfumo peke yake, picha za harusi haizijui.

Yule wa Ubuntu (Linux, si Windows) hapo juu aliyeuliza atajuaje kama kuna mtu kamchezea mashine, piga `sudo dpkg -V`, dpkg ndiyo inayosimamia pakeji za programu, na hiyo amri inakagua faili zake. Ikinyamaza, sawa. Ikitoa kitu kama `??5?????? c /etc/ssh/ssh_config`, hiyo 5 ni kwamba yaliyomo hayalingani na pakeji ilivyokuja, na c ni faili ya setingi, pengine uliibadilisha mwenyewe ukasahau. Usiogope hiyo. Ikija 5 bila c kwenye /usr/bin, folda ya programu zenyewe, ndio uamke. Ila orodha ambayo dpkg inalinganishia iko humo humo kwenye mashine, /var/lib/dpkg/info, na aliyepata root, yaani mamlaka yote ya mashine, anaweza kuichezea pia, kwa hivyo ukishuku mtu kaingia washa mashine kwa flashi yenye mfumo safi ukague kutoka nje. Ningekuwa na seva ningeweka AIDE, programu inayoweka kumbukumbu ya faili na kukuonyesha zilizobadilika, siku ya kwanza ikiwa bado safi, na hifadhidata yake nikaiweka mbali na hiyo mashine.

Kaka, fungua C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, hiyo ndiyo kumbukumbu ya sfc, bandika hapa mistari yenye [SR] tuione, na hiyo namba ya SMART pia.