Neno moja la Kigiriki lililonivusha baiolojia ya S.6

Juzi msomaji mmoja wa Jinja, yuko S.6 (mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda), kanitumia meseji usiku: "Kaka, haya majina ya baiolojia yananitoa jasho, wewe ulipitaje?" Nikacheka peke yangu, maana mimi nilipata A, na kuna mwalimu alishaniambia mbele ya darasa zima ati sina kichwa cha sayansi, nikasome historia. Sijasahau mpaka leo, na kusahau kwenyewe sitaki.

Sikia mdogo wangu. Shika mzizi mmoja, "soma" (ndo hiyo "-somu" mwishoni mwa majina), Wagiriki waliita hivo mwili (hauna undugu na kusoma kwetu, ila kukumbuka unasaidia). Kromosomu, vile vinyuzi vya urithi ndani ya seli: khroma ni rangi. Waldeyer, Mjerumani, aliipa jina hilo 1888 kwa vile seli zikitiwa rangi ili zionekane kwenye hadubini, vile vinyuzi ndo vinainyonya sana. Lisosomu, kifuko kidogo ndani ya seli: lysis ni kuvunjavunja, basi ukiulizwa kazi yake jibu si liko kwenye jina jamani?

Lakini Trypanosoma, kidudu kinacholeta malale, ndo niliipenda, maana bibi yangu ni wa Busoga na huko malale yaliua watu wengi mno miaka ya kuanzia 1900, wazee wanahadithia hadi leo. Trypanon ni keekee, ile ya seremala ya kutobolea mbao, na hicho kidudu kwenye damu kinajinyonga hivo hivo. Gruby alitunga jina 1843 baada ya kukiona kwenye damu ya chura, mambo ya mbung'o kueneza malale yalikuwa bado kujulikana kabisa. Na Schistosoma, mnyoo wa kichocho, huyu wa ziwani kwetu, schistos ni iliyopasuka: dume lina mfereji mwilini, jike linalala humo.

Banange, vijana mnanunua pamfleti kila wiki mnakariri usiku kucha halafu mnalia ooh pepa ilikuwa ngumu. Acheni kukariri. Vunja neno. Likiwa refu, vunja tena, andika mzizi pembeni ya daftari, kesho vunja lingine. Ila ribosomu isikudanganye, "soma" imo lakini ribo si mzizi wa Kigiriki, imetoka kwenye ribosi, sukari iliyomo kwenye RNA (ile molekuli ya seli inayofanya kazi na DNA).

Ukimaliza hapo ingia kwenye phagein, kula, na kytos, chombo, ambayo wanasayansi wanaitumia kwa seli, halafu niandikie fagositosisi ni nini bila kufungua kitabu.