Live by Night: tuliiangalia Ngamiani

Kaka, umeuliza kama filamu ya Live by Night ya Ben Affleck (2016) inafaa. Tuliiangalia juzi uani kwa binamu yangu, Ngamiani, mikeka chini, kahawa na kashata. Ni ndefu, inachukua saa mbili na ushee. Nusu ya watu walilala.

Hadithi yenyewe si mbaya, ila imejazwa mno. Affleck kaandika, kaongoza, kacheza yeye jambazi mkuu, na kutoka kwenye riwaya ya Dennis Lehane kataka kubeba kila kitu: ujambazi wa Boston, magendo ya pombe kule Tampa enzi Marekani imepiga marufuku ulevi, Ku Klux Klan (kundi la Wazungu wabaguzi), kasino, mapenzi ya wanawake wawili. Jambo likianza kunoga tu, tunahamishwa. Na penye pengo, anatusimulia kwa sauti badala ya kutuonyesha. Mjomba, ambaye ujanani aliwahi kuvusha karafuu kwa mashua (usiniulize zaidi), alicheka: "Mlanguzi gani huyu, suti nyeupe pee, hana hata doa la jasho?"

Elle Fanning ndiye aliyenifanya nisilale. Anacheza binti wa mkuu wa polisi, kaenda Hollywood kaharibikiwa, karudi kawa mhubiri anayepinga kasino. Anaongea taratibu, karibu ananong'ona, na jambazi mwenye bunduki zote hajui amfanye nini. Hapo ndipo palikuwa na filamu nzima, wakapapita mbio.

Ile fukuzana ya magari ya kizamani mwanzoni nayo ni tamu, usichelewe kukaa.