Gemu za kuzugana: kabla hamjachagua, jiulizeni aliyetolewa anafanya nini

Watu wakiniuliza gemu gani ya kuzugana, yaani zile za mezani ambazo mnafichana na kudanganyana, inafaa kundi lao wanataka jina tu, mimi nawarudishia swali: mtu akitolewa mapema atafanya nini mpaka raundi iishe? Maana gemu nyingi za hivi zinafia hapo, wala sio kwenye ugumu wa sheria.

Chukua Mafia, mama yao wote, aliyoianzisha Dimitry Davidoff kule Moscow mwaka 1986, na Werewolf ambayo ni ileile, ila Andrew Plotkin mwaka 1997 akawageuza wauaji kuwa mbwamwitu. Wauaji wachache wamejificha kati ya raia, usiku wanaua mtu, mchana wote mnabishana na kupiga kura ya kumtoa mnayemshuku. Hamnunui kitu, karata za kawaida zinatosha, na mkiwa kumi na kitu inanoga balaa. Ila usiku wa kwanza kuna mtu anauawa hajafungua hata mdomo, af anabaki anachezea simu huku nyie mnapigiana kelele weee. Na mmoja wenu lazima awe mwongozaji, yeye hachezi. Mimi siku hizi naitoa pale tu penye mtu anayependa kuongoza, na wapo bwana, wanasimulia mauaji mpaka aliyekufa mwenyewe anacheka.

Mkiwa watano mpaka kumi, chaguo langu ni The Resistance au ndugu yake Avalon. Hatolewi mtu. Mnachagua wa kwenda misheni, majasusi waliojificha kati yenu wakiwemo wanaihujumu kwa karata ya siri, misheni tatu zikiharibika wameshinda wao. Ninachokipenda ni kwamba kuna ushahidi, mnajua nani alikuwemo kwenye misheni iliyoharibika, nani aliipigia kura ya ndiyo, nani alikataa, kwa hiyo hata mtu mkimya ana kitu cha kushika, sio kama Mafia ambako raundi ya kwanza mnamshuku mtu kisa amecheka. Avalon imeongeza Merlin, mtu mwema anayewajua wabaya, ila akijionyesha sana wabaya wakamtambua mwishoni wanawapora ushindi hata kama misheni tatu mmefaulu. Ni nafasi tamu ila inamtesa mgeni, kwa hiyo raundi za mwanzo chezeni bila yeye.

Sasa kuna wale ambao uongo wa mdomoni hawauwezi kabisa, akiulizwa tu "wewe ni jasusi?" anaanza kutabasamu hovyo. Msimlazimishe. Mpeni Skull, watu watatu mpaka sita, kila mtu ana vibao vinne, vitatu vya maua na kimoja cha fuvu. Unaweka kibao kimefunikwa, kisha mnashindana kutaja idadi ya vibao unavyoweza kufunua bila kukutana na fuvu, na ukishinda hiyo dau unaanza kufunua vya kwako mwenyewe. Uongo unafanywa na mkono, mdomo umetulia, na naona hapo watu wapole ndo wanakuwa hatari kuliko wote.

Coup nayo fupi, dakika kama 15, kila mtu karata mbili na unadai cheo chochote unachotaka mpaka mtu akubishie. Unatolewa ndiyo, ila hukai sana nje.

Spyfall mimi naiogopea wageni. Wote mnajua mahali pa kuigiza mlipo isipokuwa jasusi, mnaulizana maswali ili mumnase, na karata ya ujasusi ikimwangukia mtu mwenye aibu basi dakika nane zote anatoka jasho mbele za watu. Kundi la waongeaji watupu, sawa, watacheka mpaka walie.

Mkitaka ladha ya mbwamwitu bila kukaa nje, ipo One Night Ultimate Werewolf, usiku mmoja mchana mmoja, watu watatu hadi kumi, na programu ya simu inawaongoza usiku kwa hiyo kila mtu anacheza. Karata zinabadilishwa gizani, unaweza ukalala raia ukaamka mbwamwitu na hujui, unajitetea kwa nguvu zote kumbe unatetea uongo.

Blood on the Clocktower, nayo ya ukoo wa Mafia, ndo imelitatua tatizo la waliotolewa vizuri zaidi, aliyekufa anaendelea kuongea na kura moja ya mwisho bado anayo. Ila lazima msimulizi, yaani mwongozaji wake, awe ameijua vizuri kweli, kwa hiyo kama hamna mtu wa kukaa na sheria zake siku kadhaa kabla ya kuiweka mezani, bakini na Avalon kwanza.