Maswali ya Barabarani: Je, Gari la Kwanza Linaweza Kuwa la Milango Miwili?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 27, ninaishi Uyole, ninafundisha Iyunga, na karibu kila mwisho wa juma ninakwenda Tukuyu kuwaona wazazi. Nimeweka akiba kwa miaka minne ili ninunue gari langu la kwanza, na tangu nikiwa mwanafunzi ninatamani gari la spoti la milango miwili. Kaka yangu anasema ninunue Vitz au IST niachane na ndoto hizo. Dalali mmoja wa hapa Mbeya amenionyesha Toyota Celica ya mwaka 2003, mwingine wa Dar es Salaam ana Mazda RX-8 kwa bei inayokaribiana na hiyo, na rafiki yangu ananihimiza nisubiri hadi akiba ifikie Toyota 86. Leseni nimeipata mwaka jana. Nichague lipi, na nilikague vipi?
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kaka yako ana hoja, nami nitaifikia, lakini kwanza niseme kwamba sioni kosa lolote katika kutamani gari zuri. Mtu aliyejinyima miaka minne kutoka kwenye mshahara wa ualimu ana haki ya kununua kitu anachokipenda, na tena gari linalopendwa hutunzwa, kwa kuwa mwenye nalo huangalia oili kabla ya safari na husikia mlio mgeni siku ile ile unapoanza. Ninachokuomba upime ni mambo mawili tu: kama gari hilo lina fundi wa kulitibu hapa hapa Mbeya, na kama linaziweza njia unazopita.

Nianze na RX-8, kwa sababu ndilo ninalotaka uliache. Injini yake haina pistoni kama tulizozizoea. Ndani yake huzunguka rota mbili zenye pembe tatu, na kwenye kila ncha kuna kizibo chembamba kinachozuia mgandamizo usivuje. Injini hiyo imeundwa kuchoma oili kidogo makusudi ili kulainisha vizibo hivyo, kwa hiyo mwenye gari anayesubiri hadi siku ya sevisi ndipo aongeze oili huwa anaiua taratibu. Vizibo vikichoka, gari hugoma kuwaka likiwa na moto, na upimaji wa mgandamizo wake huhitaji kifaa maalumu ambacho gereji zetu nyingi hazina. Iko pia tabia nyingine inayonitia hofu kwa mtu anayeishi kwenye baridi yetu ya Juni na Julai: ukiliwasha asubuhi, ukalisogeza hatua chache kutoka getini ili lioshwe, kisha ukalizima kabla halijapata moto, petroli inaweza kujaa ndani likakataa kuwaka tena. Nimeliona gari la aina hiyo likikaa gerejini miezi saba, si kwa uzembe wa mwenye nalo, bali kwa sababu fundi aliyelifungua hakuwahi kuiona injini ya namna hiyo maishani mwake. Bei ndogo uliyotajiwa inatokana na mambo hayo.

Toyota 86 ni gari zuri kuliko yote matatu, na sitakudanganya juu ya hilo. Lilianza kuuzwa mwaka 2012, linatumia injini ya Subaru yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,998 ambayo silinda zake zimelala ubavuni, na nguvu zake huenda kwenye magurudumu ya nyuma. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nikushauri usubiri. Barabara yako ya Tukuyu hupanda hadi Isyonje, penye njia panda ya Kitulo, ambako ukungu hushuka hata mchana na lami hukaa na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Dereva mwenye leseni ya mwaka mmoja akikanyaga mafuta mapema akiwa ndani ya kona iliyolowa, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hutaka kumtupa mkia. Mfumo wa kuzuia kuteleza upo, lakini haufuti kosa la tairi chakavu wala la mwendo usiofaa. Zaidi ya hayo, mwaka 2018 watengenezaji waliyaita tena magari mengi ya miaka ya kwanza kwa ajili ya springi za vali, kazi ambayo hulazimu injini ishushwe, kwa hiyo atakayenunua la mwaka 2012 au 2013 ni lazima ajue kama kazi hiyo ilifanyika. Endesha miaka mitatu, kisha ulirudie wazo hilo.

Inabaki Celica, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Celica ya kizazi hicho, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1999 hadi 2006, huvutwa na magurudumu ya mbele, na nyingi kati yake zina injini ya 1ZZ yenye ujazo wa 1,794, ambayo ni ile ile iliyofungwa kwenye Allion na Premio za 1.8 za miaka hiyo, na kwenye Wish. Tafakari maana yake kwako. Fundi anayetengeneza teksi na magari ya familia Mwanjelwa anaijua injini hiyo, pampu yake ya maji, plagi zake na vikalio vyake vya injini, na spea zake zipo dukani. Unanunua gari la spoti lenye moyo wa gari la kawaida, na kwa gari la kwanza sijaona mpango ulio bora kuliko huo.

Soma namba ya chesisi kabla ya kusikiliza maneno ya dalali. Ikianza na ZZT230, ni injini hiyo ninayoisifu. Ikianza na ZZT231, ni injini ya 2ZZ, yenye nguvu zaidi lakini inayoonyesha ukali wake ikizungushwa kwa kasi kubwa sana. Huenda aliyetangulia aliichosha, na mafundi wanaoielewa ni wachache. Chukua ya kwanza.

Hata hiyo ya kwanza ina ugonjwa wake. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2002 hivi zilikuwa na pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili, matundu yanaziba, ringi zinanata, na injini inaanza kula oili. Ya mwaka 2003 ina nafuu, lakini umri wake unatosha kuleta shaka, na tena mwaka ulioandikwa kwenye tangazo na mwaka wa kutengenezwa havilingani kila mara. Nenda kaliangalie saa kumi na mbili asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti kwa kiganja uhakikishe ni la baridi. Vuta kijiti cha oili. Liwashe huku mwenzako akiangalia ekzosi, kwa kuwa moshi wa bluu unaotoka mwanzoni ni oili. Kisha lipandishe kutoka Uyole kuelekea Isyonje ukiangalia mshale wa joto, ambao ukishafika mahali pake haupaswi kusogea tena. Wakati wa kurudi, teremka kwa gia ya chini bila kugusa mafuta kwa muda, halafu kanyaga kidogo: wingu la bluu likionekana nyuma, ringi au sili za vali zimechoka, nawe rudisha funguo kwa heshima uondoke. Mteremko huo huo utakueleza pia kama breki zinanuka au usukani unatetemeka. Sijui chumba cha kupimia magari kinachouzidi mlima huo.

Upande wa bodi ndipo penye ugumu ambao injini haina. Taa za mbele, bampa, vioo na milango ya Celica havifanani na vya gari jingine, na vikivunjika utavitafuta Kariakoo au Ilala, pengine kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo taa yenye ufa au bampa lililofungwa kwa waya lipunguziwe bei leo, si kwa ahadi ya kesho. Likatae gari lililochezewa, lililokatwa springi ili likae chini au kubadilishwa ekzosi ili lipige kelele. Magari haya yako chini tayari. 86 huacha takribani sentimita 13 tu kutoka ardhini, na Celica haiko mbali na hapo. Nyumba nyingi za Uyole ziko ndani, nje ya lami, kwa hiyo tembea kwa miguu kutoka barabara kuu hadi getini kwako, hasa baada ya mvua, uangalie matuta na makorongo, na kama pana mahali ambapo Allion ya jirani hugusa, la kwako litagusa kwa nguvu zaidi. Kwenye matairi, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa hoja ya kaka yako. Gari la kwanza katika ukoo si la mtu mmoja. Litaitwa msibani, litampeleka mama hospitali, na kutoka Tukuyu litarudi na mikungu ya ndizi. Celica hufunguka nyuma kwa mlango mkubwa na viti vya nyuma hulala, kwa hiyo ndizi zitaingia bila shida. Lakini bibi mwenye magoti mabovu hawezi kupita nyuma ya kiti cha mbele, na mtu mzima hatavumilia kiti kile hadi Makambako. Kama wazazi wanakutegemea kwa kliniki za mara kwa mara, msikilize kaka yako. Kama sivyo, nunua Celica.

Kuhusu karatasi, jina lililo kwenye kadi liwe la anayekuuzia, namba ya chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma, na faini za polisi pamoja na madeni ya maegesho yaangaliwe kwa namba ya gari kabla ya malipo, kisha umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa. Wazo la kuagiza Celica Japani liache: gari la umri huo hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

SWALI: Nipo Mafinga. Nimeambiwa kwamba huku juu gari la spoti hupoteza nguvu, kwa hiyo nitafute lenye tabo. Ni kweli?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ni kweli kwa nusu. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 kama wa Mbeya mjini, injini ya nguvu za farasi 145 hubaki na kama 120. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuisukuma hewa ndani. Hata hivyo, tabo iliyotumika miaka mingi hudai oili safi isiyochelewa kubadilishwa, na baada ya kuupanda Kitonga ni lazima uiache injini iunguruke kidogo kabla ya kuizima, jambo ambalo huwezi kujua kama mwenye gari aliyetangulia alilifanya. Kwa gari la kwanza, nguvu 120 zinakutosha kabisa.

SWALI: Nimenunua gari la milango miwili. Je, bima ndogo inanitosha?
Msomaji, Iringa mjini

JIBU: Bima ndogo hulipa madhara utakayomsababishia mwingine, wala haigusi gari lako. Kwa gari ambalo taa moja ya mbele inaweza kutafutwa kwa wiki kadhaa, ninakushauri ukate bima kubwa, na kabla ya kusaini uiulize kampuni kama inalipokea gari la umri huo, na kama itatengeneza kwa vipuri vilivyotumika pale vipya visipopatikana. Jibu hilo ulipate kwa maandishi.