Chumba cha 25,000 kilichotugharimu Iringa

Mwaka jana, shule zilipofunga Juni, tulisafiri watu watano kutoka Dar: mimi, baba watoto, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Morogoro usiku mmoja, Dodoma mmoja, Iringa miwili, Mbeya mitatu. Tulihitaji vyumba viwili kila tulipofika, na tulikubaliana chumba kisizidi shilingi 45,000. Kazi ya kutafuta nikaibeba mimi, na kosa la Iringa ni langu.

Iringa nilipata loji ya 25,000. Picha nzuri, mashuka meupe, nikalipia usiku wote miwili kabla hatujatoka Dodoma. Tulifika tumechoka, maana barabara ya kupitia Mtera ni ndefu ukiwa na watoto. Stendi ya Igumbilo iko bondeni na mji uko juu mlimani, kwa hiyo tukakodi bajaji mbili. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, mama akapanda akishika ukuta. Chini kulikuwa na baa. Ilikuwa Jumamosi, muziki ukapigwa mpaka saa nane usiku, na mama hakufumba jicho. Asubuhi tukahama. Pesa ya usiku wa pili haikurudi. Ukipiga hesabu, usiku ule mmoja ulitugharimu 100,000 kwa vyumba viwili, wakati vya 45,000 vingekuwa 90,000 na tungelala.

Tangu hapo siangalii bei ya chumba kwanza. Nauliza kwanza: hapa tunapita au tunakaa?

Pa kupita, nalala karibu na usafiri wa kesho. Morogoro tulishuka na treni ya SGR, na stesheni yake iko Kihonda, nje ya mji. Ndugu walitusihi tulale mjini kwenye pilikapilika. Tukabaki Kihonda, chumba cha 30,000 chenye feni na chandarua kisichotoboka, na kesho yake tukafika kwenye treni ya Dodoma bila mbio. Milima ya Uluguru watoto waliiona kutoka uani, wakaridhika. Chumba cha usiku mmoja hakihitaji runinga wala zulia. Kinahitaji kitasa kinachofunga, maji, na mtu wa kukufungulia geti alfajiri.

Pa kukaa, hapo ndipo pesa iende. Mbeya tulilipa 45,000 kamili bila kulalamika, kwa sababu Juni kule ni baridi ya kweli na sisi wa Dar hatuijui. Swali la "maji ya moto yapo?" halitoshi, kila mahali utajibiwa yapo. Uliza ni ya bomba au ya ndoo, na umeme ukikatika inakuwaje. Tulipofikia, hita ilikuwepo, na siku umeme ulipokatika dada wa jikoni alituchemshia maji kwenye jiko la mkaa. Ya ndoo si mabaya hata kidogo, mradi ujue mapema ukiwa na mzee au mtoto. Uliza pia blanketi la pili, na chumba cha chini kama kuna mtu wa magoti.

Dodoma ilinifundisha kuangalia kalenda. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwishoni mwa Juni, na mji hujaa wabunge, maofisa na wageni wao. Loji nne nilizopiga simu zilikuwa zimejaa. Ukienda Mbeya, Morogoro au Dodoma mwanzoni mwa Agosti utakutana na Nane Nane, maonyesho ya wakulima. Morogoro ina pia mahafali ya vyuo, wazazi wanatoka kila mkoa. Moshi mwezi wa Desemba, watu wakirudi kwao kwa sikukuu, sina haja ya kueleza, nusu ya Dar inakuwa huko. Vipindi hivyo piga simu wiki tatu kabla, au sogeza safari siku chache.

Kuhusu picha: siziamini tena. Namwomba mhudumu wa mapokezi anirushie video ya WhatsApp akitembea bila kukata, kuanzia getini, apande ngazi kama zipo, aingie chumbani, afungue bomba bafuni. Dakika mbili tu. Utasikia hata kama kuna baa. Aliyekataa kunitumia sikumlipa. Advansi natuma ya usiku mmoja tu, kwa lipa namba, ile namba ya biashara ya kulipia kwa simu, na jina linalotokea lifanane na la loji. Likitokea jina la mtu binafsi, naacha.

Wenye familia nawashauri pia waulizie nyumba za wageni za makanisa. Baada ya ile loji ya baa tulihamia kwenye mojawapo Iringa: safi, kimya, chai ya asubuhi imo kwenye bei, na si lazima uwe muumini wao. Pombe hairuhusiwi na geti hufungwa mapema, kwa hiyo kama basi lenu linaingia usiku waambieni kabla.

Na hili la mabasi ya usiku lina hesabu yake. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea saa 24, na wengi wanaona wameokoa usiku wa kulala. Lakini ukishushwa saa tisa usiku utalipia chumba kizima, na saa nne asubuhi unatakiwa utoke. Ukiwa na watoto, afadhali basi la asubuhi ufike jua lingalipo.

Kurudi hatukuwa na namna, basi la Mbeya tulilopata liliondoka jioni. Nilimwomba dada wa mapokezi tubaki na chumba kimoja mpaka saa kumi, akakubali kwa 15,000. Mama alilala mchana wote, akaamka akaoga maji ya moto, ndipo tukaenda stendi.