Italia kwa mara ya kwanza: treni mjini, gari shambani

Mtu anayejiandaa kwenda Italia kwa mara ya kwanza akiniuliza kama akodi gari au apande treni, nami humuuliza atalala wapi. Kama ni Roma, Firenze na Venezia, gari alisahau kabisa. Kama amepanga kulala kwenye nyumba za mashambani kule Toscana, akodi, ila kwa siku hizo za shamba tu.

Najua wengi wetu tunaona gari ndiyo raha ya safari. Unaondoka ukitaka, mizigo iko kwenye buti, mama hasimami foleni. Lakini ile miji ilijengwa karne nyingi kabla ya gari kuwapo, na wenyewe hawataki magari yaingie ovyo. Ukifika Firenze na gari, utahangaika kutafuta pa kuliweka, halafu utalipia maegesho siku zote ambazo hulitumii. Venezia ndiyo kabisa: barabara inaishia Piazzale Roma, unaliacha gari hapo, unaendelea kwa miguu au kwa boti.

Treni ya kasi kutoka Roma hadi Firenze inachukua saa 1 na nusu hivi. Kwa gari ni kama saa 3, na hapo sijahesabu foleni ya kutokea Roma. Firenze hadi Venezia ni saa 2 na ushee, Roma hadi Napoli saa 1 na dakika kama 10. Kampuni ni mbili: Trenitalia, ya serikali, yenye treni za Frecciarossa, na Italo, ya binafsi, iliyoanza 2012. Zote zinafika kilomita 300 kwa saa na zinagombea abiria wale wale, kwa hiyo linganisha bei kabla ya kulipa. Tiketi ya moja haipandishwi treni ya nyingine.

Bei hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, na tiketi za bei ya chini kabisa kwa kawaida hazirudishiwi hela. Sisi tunaosubiri viza ya Schengen tuwe makini hapo. Usinunue hizo kabla pasipoti haijarudi mkononi. Ongeza kidogo upate inayobadilishika, au subiri. Treni za mikoa, zile za polepole zinazosimama kila kituo, bei yake ni ile ile hata ukinunua asubuhi ya safari. Ila tiketi yake ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Usipoigonga, mkaguzi anakuhesabu kama huna tiketi, na neno "mgeni" halimsumbui.

Kama umeshapanda SGR ya Dar hadi Dodoma, utategemea kukaguliwa mabegi na kufika mapema. Kule hakuna. Roma Termini wanaangalia tiketi yako getini, basi, mengine ni juu yako. Watu wamesimama shingo juu wakitazama ubao mkubwa, kwa sababu namba ya jukwaa hutokea dakika chache tu kabla ya treni kuondoka. Ikitokea, umati wote unaondoka kwa pamoja, magurudumu ya masanduku yakinguruma sakafuni. Halafu unakuta behewa lako ndilo la mwisho kabisa, kule mbele. Mama mkwe wangu, mwenye magoti yanayomsumbua, alikuwa anakaa juu ya sanduku lake na kuniambia, "Mwanangu, wewe soma, mimi nitakimbia ukiniambia." Tukajifunza kumtanguliza mume wangu na mizigo, sisi tukifuata taratibu. Hapo ndipo ushauri wa mizigo unapotoka: kila mtu abebe sanduku moja analoweza kulinyanyua mwenyewe ngazi 3, maana hakuna kuli.

Treni zina balaa lake pia, nalo ni migomo. Hutangazwa mapema na huwa ya siku moja au pungufu. Siku za kazi kuna saa ambazo treni za mikoa lazima zitembee hata kukiwa na mgomo: saa 12 hadi 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi 3 usiku. Usipange treni ya kukupeleka uwanja wa ndege nje ya saa hizo bila kuangalia habari siku chache kabla.

Sasa gari. Ukitoka Tanzania, Kenya au Uganda, unakutana na usukani wa kushoto, unaendesha kulia, na gari la bei nafuu ni la gia za mkono. Sisi tuliolelewa na magari ya Kijapani ya otomatiki, wengine klachi tuliiona mara ya mwisho siku ya mtihani wa leseni. Otomatiki zipo, ni chache na ghali zaidi, ziagize mapema. Na kiplefti cha kule unakizungukia upande wa pili, jambo ambalo hadi leo linanitoa jasho. (Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu, hili haliwahusu.)

Halafu karatasi. Leseni yetu peke yake haitoshi. Beba pamoja nayo kibali cha kimataifa cha kuendesha, na ukipate nyumbani kabla ya kusafiri, kwa sababu Italia hawawezi kukutolea. Kampuni nyingi za kukodisha zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, nazo huzuia dhamana juu yake ambayo inaweza kuwa kubwa kuliko kodi ya gari. Wengi wetu tuna kadi za kawaida za benki. Uliza kwa maandishi kama wanazipokea.

Faini inayowapata wageni zaidi ni ya ZTL, maeneo ya katikati ya miji ambako magari yasiyo na ruhusa hayaingii. Hakuna polisi wala kizuizi, kuna kibao chenye duara jekundu na kamera inayosoma namba. Ubao wa taa ukiandika "varco attivo", usiingie: maana yake kamera zinafanya kazi. Ukipita unalipa zaidi ya euro 80, na ukipita mara 2 ni faini 2. Sheria inawapa siku 360 za kumfikishia barua mtu anayeishi nje ya Italia, kwa hiyo unaweza kuipata ukiwa umeshasahau safari. Na kampuni ya gari itakukata pesa nyingine kwa kazi ya kutoa jina lako tu. Hoteli yako ikiwa ndani ya eneo hilo, wapigie kabla; nyingi zinaweza kuandikisha namba ya gari lako.

Kwa nini basi nasema ukodi shambani? Kwa sababu ya Val d'Orcia, bonde moja la mashamba kule Toscana. Pienza, Montalcino na Montepulciano ziko juu ya vilima, mabasi ni machache, Jumapili karibu hakuna. Ukiwa na gari unasimama pale miberoshi inapopanga mstari hadi kwenye nyumba moja ya mawe, unashuka, upepo una harufu ya nyasi kavu, hakuna anayekuharakisha. Pienza unaonjeshwa jibini la kondoo dukani, vipande vya umri tofauti, na mama mkwe aliyeapa hali "maziwa yaliyooza" akaondoka na kilo nzima.

Pwani ya Amalfi sikushauri gari, hata kama picha zinakuvuta. Ile barabara ni nyembamba, basi likija mbele yako mmoja lazima arudi nyuma, na maegesho ni vita. Panda boti kutoka Salerno. Cinque Terre nako, vile vijiji vitano vya pwani, treni ya kutoka La Spezia inapita vyote.

Mpango ninaowapa watu ni huu: treni hadi Firenze, kaa mjini ushibe. Siku ya kwenda shamba, panda tramu T2 kutoka stesheni hadi uwanja wa ndege wa Peretola, uchukue gari huko, nje ya ZTL. Lirudishe hapo hapo, tramu tena, kisha treni ya Venezia. Chukua gari dogo, lakini pima kwanza: Fiat 500 haimezi masanduku 3 makubwa. Piga picha kila mkwaruzo kabla ya kuwasha, na kwenye sheli chagua pampu ya kujihudumia, ni nafuu kuliko ya kuhudumiwa. Diseli kule huandikwa "gasolio". Soma kifuniko cha tangi kabla hujashika mpira.